Besi Iliyotangulizwa Mbele

Bendi ya metali ya Metallica walipoingia studio mjini Los Angeles mwaka 1987, hawakubeba utunzi wao hata mmoja. Walikwenda kupiga kopi za nyimbo za bendi walizozipenda, na besi ilikuwa mikononi mwa mgeni. Mpiga besi wao, Cliff Burton, alifariki Septemba 1986 basi lao lilipopinduka Uswidi, na nafasi yake akaishika Jason Newsted. Kilichozaliwa ni santuri fupi, The $5.98 E.P.: Garage Days Re-Revisited. Bei iliwekwa kwenye jina ili wenye maduka wasimlangue shabiki.

Kazi yenyewe ilifanyika kabla ya studio, kwenye gereji ya mpiga dramu Lars Ulrich. Huko walizipiga nyimbo mpaka mikono ikazizoea. Ndiyo maana kurekodi kulichukua siku sita tu, wakati albamu ya Master of Puppets ilikuwa imewaweka Copenhagen kwa miezi kadhaa mwaka 1985.

Sikiliza humo Crash Course in Brain Surgery, wimbo wa bendi ya Budgie ya kutoka Wales. Besi inaanza peke yake, sauti yake nzito na yenye mikwaruzo, kisha ndipo magitaa yanaingia. Mgeni ndiye anayefungua mlango! Kwa muziki wa metali huo si uamuzi mdogo. Mpiga gitaa wao, James Hetfield, hupiga nyuzi nene za gitaa akizizima kwa kiganja, na mlio wake hushuka hadi pale pale besi inapokaa. Usipoitengea besi nafasi yake wakati wa kuchanganya sauti, inamezwa. Hapa walimtengea Newsted nafasi, na kila uzi anaougusa unafika sikioni. Mwaka 1988, kwenye albamu ya ...And Justice for All, mpigaji ni yule yule, lakini besi ilishushwa mno kwenye mikseri, hata mtu hujiuliza kama ipo. Kwangu mimi hiyo ni hasara kubwa.

Tukirudi kwenye santuri fupi, The Small Hours, wimbo wa bendi ya Holocaust ya Uskoti, naona unajivuta kuliko unavyostahili. Helpless, wa Diamond Head, hauna tatizo hilo.

Mwishoni wameunganisha nyimbo mbili za Misfits, bendi ambayo Burton aliipenda hata akachorwa tatuu ya fuvu la bendi hiyo mkononi. Zikiisha, wanagusa Run to the Hills ya Iron Maiden, nyuzi zikiwa zimelegea makusudi. Prodyuza makini angekata kipande hicho. Wao walikiacha, na mtu anasikia marafiki waliotoka msibani wakifurahi pamoja tena.

Basi, kama una wenzako mnaotaka kurekodi nyimbo mnazozipenda, fanyeni mazoezi ya kutosha kabla ya kulipia studio. Na mkifika kwenye mikseri, mpandisheni mpiga besi kwanza, magitaa yafuate.