Rolex: Uhakiki wa Chakula na Jina Lake

Uhakiki umezoea kushughulikia riwaya, tamthilia na ushairi. Chakula kimeachiwa somo la sayansi kimu, kana kwamba hakina la kumwambia mwalimu wa lugha. Lakini chakula kilichobuniwa na watu wa kawaida, kikapewa jina nao, ni zao la utamaduni kama ilivyo methali au wimbo wa kazi. Katika makala haya twakusudia kuihakiki rolex, chakula cha kando ya barabara kinachopendwa mno nchini Uganda. Tutaitazama fani yake, jina lake na maudhui yake, kisha tuonyeshe kwa nini inamhusu mwalimu wa Kiswahili.

Tuanze na fani. Rolex haina mengi: chapati moja, mayai mawili, nyanya, kitunguu, kabichi na chumvi. Mpishi huvunja mayai ndani ya kikombe, akatia kitunguu na kabichi iliyokatwa nyembamba, akakoroga na kumimina juu ya chuma kipana chenye mafuta ya moto. Yai likianza kushikana, chapati hulazwa juu yake, vyote viwili vikageuzwa, vipande vya nyanya mbichi vikapangwa, kisha chapati ikakunjwa. Mlaji hupokea mkunjo mmoja wa moto na kuondoka nao mkononi. Kazi yote huchukua dakika chache, tena mbele ya macho ya mnunuzi.

Uzuri wa fani hii uko katika uwiano. Chapati ni laini na nzito, kabichi ina ukakasi kidogo, nyanya mbichi huleta ubaridi na uchachu ndani ya mafuta na joto. Pakizidi kitu kimoja, kazi imeharibika. Kabichi ikiwa nyingi hutoa maji na kuilegeza chapati. Mafuta yakizidi, mlaji hula mafuta wala si yai. Twaona pia kasoro ya kuifunga rolex ya moto katika mfuko wa plastiki: mvuke hauna pa kutokea, chapati hulowa, na afya ya mlaji haifaidiki. Kwa upande mwingine, kuna hoteli ziletazo rolex juu ya sahani kubwa, pamoja na jibini, soseji, kisu na uma. Hatusemi kwamba si tamu. Twasema tu kwamba chakula kilichobuniwa kwa ajili ya mtu mwenye haraka na fedha kidogo hupoteza mantiki yake kinapomtaka mlaji akae na kusubiri.

Sasa tulitazame jina. Asili yake ni maneno ya Kiingereza rolled eggs, yaani mayai yaliyokunjwa, ambayo kwa kutamkwa haraka yalifanana na jina la saa za Rolex. Masimulizi yaliyoenea yanakihusisha chakula hiki na wachuuzi kutoka Busoga, na umaarufu wake na mtaa wa Wandegeya, Kampala, ambako wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere walikuwa wanunuzi wakubwa. Jina hilo lina kejeli ya kufurahisha: asiyeweza kuota kuvaa saa ya bei ile anaweza kuila rolex yake kila jioni. Mwenzake ni kikomando, yaani chapati iliyokatwa vipande ikachanganywa na maharage, chakula cha mtu ambaye mfuko wake umekauka lakini ataka nguvu za komando. Huko Dar es Salaam nako vijana wameipa chipsi mayai jina la zege. Katika majina yote matatu maskini anaicheka hali yake bila kujidharau. Tukiwa walimu wa fasihi, je, hatuiti jambo hilo sanaa ya lugha?

Maudhui ya rolex ni mapana zaidi. Chapati ni chakula cha asili ya Bara Hindi. Kilikuwa sehemu ya maisha ya wafanyakazi walioletwa kujenga reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika ukingoni mwa Ziwa Viktoria mwaka 1901, na ya wafanyabiashara wa Kihindi waliofungua maduka katika miji mingi. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia nchini Uganda. Watu waliondoka, chapati ikabaki. Leo kijana anayeisukuma unga wake mezani haulizi ni ya nani, ameifanya yake.

Historia ya Kiswahili nchini humo inafanana na hiyo kwa sehemu. Mwaka 1973, serikali hiyo hiyo ilitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Kwa kuwa kilikuwa lugha ya jeshi, na kwa kuwa askari wa wakati ule waliwatesa raia, wengi walikiona kuwa lugha ya bunduki. Chuki hiyo hatuwezi kuikanusha, kwa maana ina sababu. Hata hivyo meza ya mpishi wa rolex yatoa ushahidi mwingine. Katika Kiganda, meza yenyewe ni emmeeza, sahani ni essowaani, kijiko ni ekijiiko, sufuria ni sefuliya, jiko la makaa ni essigiri, kama sigiri yetu. Maneno ya namna hii yalitokana na biashara na mapishi, na misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilifika Buganda tangu karne ya 19, kabla ya kambi za kikoloni kujengwa. Basi Kiswahili kiliwahi kuingia Uganda kwa njia ya jikoni.

Tunalisema hili kwa sababu kazi iko mbele yetu. Mabadiliko ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tukimfundisha mtoto wa Jinja msamiati wa vyakula kwa pilau na biriani pekee, tutamthibitishia kwamba lugha hii ni ya watu wengine. Tuanze na anachokila. Vunja, kata, koroga, mimina, geuza, kunja: hilo ni somo zima la vitenzi vya kuamuru. Kikomando kimoja, vikomando viwili: hapo atalinganisha ki-/vi- ya Kiswahili na ki-/bi- ya Kiganda. Na atahadharishwa kwamba emboga ya Kiganda ni kabichi, ilhali mboga ya Kiswahili hujumlisha mchicha, sukuma wiki na nyinginezo.

Yupo atakayeuliza kama rolex ni neno la Kiswahili sanifu. Nasi tutamjibu kwamba chapati nayo ilitoka mbali, na sasa hakuna mwalimu anayeisahihisha kwa wino mwekundu. Lugha ambayo mtoto hawezi kuitumia kuagiza chakula chake haijawa yake bado.