Mkono wa Mwenzio: Ushirikiano kama Fani katika DDraceNetwork na katika Mwethya wa Kalama

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umerithi jozi ya istilahi ambayo imeutumikia vyema na, mara nyingine, kuutia uvivu: fani na maudhui. Inapotokea kazi isiyo na hadithi, isiyo na mazungumzo wala wahusika wenye tabia zinazoelezeka, mhakiki aliyeizoea jozi hiyo huelekea kusema kwamba kazi hiyo haina maudhui, na kwa hiyo haimhusu. Michezo ya kompyuta imeachwa nje ya ua kwa sababu hiyo. Makala haya yanauchunguza mmoja wa michezo hiyo, DDraceNetwork, ambao huchezwa kwa ushirikiano na watu wengi kupitia intaneti, kwa kushikilia kwamba maana yake inapaswa kutafutwa kwanza katika kanuni zake. Ili kulipima dai hilo, mchezo huu unawekwa sambamba na mwethya, yaani kikundi cha kazi ya pamoja cha Wakamba, kama kilivyoacha alama zake katika vilima vya Kalama, kusini mwa mji wa Machakos. Haidaiwi kwamba kimoja kilikizaa kingine. Vinalinganishwa kwa kuwa vyote viwili huzusha swali moja: je, ushirikiano huhitaji miili miwili, au nia mbili?

Nasaba ya mchezo wenyewe ni fupi. Mwaka 2007 Magnus Auvinen wa Sweden alitoa Teeworlds, mchezo wa mapigano ambamo viumbe wadogo wa mviringo hurukaruka juu ya majukwaa wakishambuliana kwa silaha. Kwa kuwa programu yake ni huria, wachezaji walizibadili kanuni: silaha zikaacha kuua, na uwanja wa vita ukageuka kuwa njia ndefu yenye vizuizi. Mtindo huo uliitwa DDRace, na mwaka 2013 ukaanzishwa mtandao wa DDraceNetwork ambao umeuendeleza hadi leo. Nyenzo za mchezaji ni chache. Hutembea kushoto na kulia, huruka, hutupa ndoano yenye mnyororo inayonasa ukutani au mwilini mwa mwenzake, na hupiga nyundo. Njia zinazopitwa huitwa ramani. Hutungwa na wachezaji wenyewe, nazo zimezidi elfu moja.

Jambo kuu ni mgando. Katika kila ramani zipo sehemu ambazo mchezaji akizigusa huganda. Aliyeganda hawezi kutembea, kuruka, kutupa ndoano wala kupiga nyundo. Akiwa ametoka katika sehemu hiyo, mgando humwachia baada ya sekunde 3; akiwa bado ndani yake, huendelea kuganda, na asipopata wa kumvuta hukaa papo hapo au hujiua ili aanze upya. Kinachomgandua mara moja ni nyundo ya mwenzake. Silaha iliyokuwa ya kumwangamiza adui ndiyo sasa inayomfungua mwenzi, na pigo limekuwa msaada. Kinaya hiki hakikusemwa na msimulizi yeyote wala kuandikwa mahali popote katika mchezo. Kimo katika kanuni, na kila anayecheza hukitenda hata kama hajawahi kukitafakari.

Mtafiti wa fasihi simulizi hatakosa kukumbuka kitendawili, ambacho Wakamba hukiita ndai. Mtegaji hutega, aliyeshindwa hunasa, na kwa desturi ya Waswahili hutoa mji ili apewe jibu. Wanaofundisha vitendawili kama orodha ya maswali na majibu husahau kwamba utanzu huu ni utaratibu wa kunaswa na kunasuliwa. Hata hivyo tofauti ni kubwa. Katika kitendawili mtegaji na mnasuaji ni mtu yule yule, naye hulipwa mji. Katika DDraceNetwork mtegaji ni mtunzi wa ramani, ambaye amekwisha kwenda zake. Mnasuaji ni mwenzi, naye halipwi chochote isipokuwa matumaini kwamba akiganda yeye, atapigwa nyundo.

Mulokozi (1996) aliona kwamba fasihi simulizi ni tukio linalotawaliwa na mambo sita, yaani fanani, fani, hadhira, tukio, mahali na wakati. Katika mchezo huu ni hadhira inayoleta ugumu, kwa kuwa inaelekea haipo. Ukweli ni kwamba ipo, ila haikai mahali pamoja. Aliyeganda ndiye hadhira: kwa muda huo hana la kufanya ila kutazama na kungoja. Akiganduliwa hurudi kuwa fanani, na aliyemgandua huenda akachukua nafasi aliyoiacha. Mabadilishano haya hutokea kila baada ya sekunde chache, na kasi yake haina mfano katika tanzu zilizozoeleka.

Mfano ulio bora wa utendaji huu ni ufundi wa kupaa kwa nyundo. Pale njia inapopanda juu pasipo jukwaa la kukanyaga wala ukuta wa kunasia ndoano, wachezaji wawili hupandishana hewani. Mmoja hupiga nyundo akimsukuma mwenzake juu, aliyesukumwa humvuta mpigaji kwa ndoano, na pigo hurudiwa. Likiwahi, mwili haujafika mahali pake. Likichelewa, wote wawili wamekwisha kuanza kuanguka. Nafasi ya kuzungumza hakuna, na mara nyingi wawili hao hawana hata lugha moja. Kinachowaunganisha ni mapigo. Msomi wa nyimbo za kazi anaifahamu hali hii, kwani wimbo wa wachimbaji au wa wapura nafaka hugawa pumzi na kupanga ni lini majembe au michi ipande pamoja. Lakini wimbo wa kazi una maneno, na ndani ya maneno hayo mwimbaji huweza kumsuta mvivu, kumsifu mwenye shamba au kumkejeli chifu aliyesimama pembeni. Mapigo ya nyundo hayana pa kuitia kejeli hiyo. Huu ni upungufu wa kweli, na mashabiki wa mchezo wasiufunike kwa kuusifia ukimya wake.

Kutajwa kwa chifu kunaturejesha Kalama. Ubavuni mwa vilima vyake, kama kwingineko Machakos, matuta ya kuzuia mmomonyoko yamefuatana ngazi kwa ngazi. Aina iliyoenea ni ile ambayo mchimbaji huutupa udongo upande wa juu wa mtaro, nayo huitwa fanya juu, jina la Kiswahili ambalo wataalamu wa udongo wa nchi nyingine wamelichukua lilivyo. Kazi hiyo ni nzito mno kwa jembe moja. Mwethya wa asili uliwaita majirani kujenga nyumba au kulima. Mwenyeji aliwalisha, na zamu yake ya kwenda kwa wengine ilijulikana. Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilileta kampeni ya kuhifadhi udongo pamoja na amri ya kupunguza mifugo. Mwaka 1938 Wakamba kwa maelfu, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kupinga kuchukuliwa kwa ng'ombe wao, na Mbingu akapelekwa kizuizini Lamu. Uchimbaji uliendelea, na katika miaka ya 1940 ulikuwa wa kulazimishwa. Ni katika miaka ya 1950 ambapo utawala uliugeukia mwethya, vikundi vikaruhusiwa kuwa na viongozi waliowachagua wenyewe. Baada ya uhuru wanawake ndio waliovibeba zaidi vikundi hivyo, wanaume wengi wakiwa wamekwenda kutafuta ajira. Tiffen, Mortimore na Gichuki, katika kitabu chao cha 1994 kuhusu Machakos tangu 1930 hadi 1990, walionyesha kwamba idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano ilhali mmomonyoko ulipungua.

Mtazamaji aliyesimama kilima cha pili asingeweza kuutofautisha msururu wa wachimbaji wa amri na ule wa mwethya. Miili ni ile ile, majembe ni yale yale, na tuta linainuka. Fani ya nje haitoi ushahidi.

DDraceNetwork ina jambo linalokaribia hili mno. Mchezaji mmoja anaruhusiwa kuingiza mwili wa pili, uitwao dami, na kuuendesha kwa kupokezana: sasa huyu, sasa yule. Humvuta dami kwa ndoano, humgandua kwa nyundo, hata hupaa naye. Zipo ramani zilizotungwa mahususi kwa mtu mmoja mwenye miili miwili. Kwa hiyo wanaosema kwamba mchezo huu unafundisha ushirikiano wanakwenda haraka mno. Kanuni zake zinadai miili miwili. Nia ya pili hazikuiomba. Hata kundi lililojifunga, ambamo mmoja akifa wote hurudi mwanzo, hushikwa na sharti, na sharti ni ndugu wa amri.

Nia ya pili hujitokeza pale kanuni zinaponyamaza. Katika ramani iliyo wazi kwa wote, wageni hupita njia moja bila kufungamana. Aliyekwisha kuvuka kizuizi huona nyuma yake mtu asiyemjua ameganda. Njia yake ni nyeupe, saa inakwenda, na kurudi kutampotezea muda ambao hakuna kanuni itakayomrudishia. Wapo wanaorudi. Aidha wapo wanaozitumia ndoano na nyundo zile zile kuwasukumia wengine katika mgando. Katika seva za mtandao huo wenyewe mtu wa namna hiyo aweza kupigiwa kura akatolewa, ingawa kwingine ugandishaji huo ndio mchezo wote. Uwezekano wa usaliti ndio unaolipa pigo la kugandua uzito wa kimaana, kwa kuwa mkono uliofungua ungeweza kusukuma. Dami hawezi kusaliti, na kwa hiyo hawezi kusaidia. Dai lililotangulia, kwamba maana imo katika kanuni, linahitaji nyongeza: imo pia katika nafasi ambazo kanuni zimeziacha tupu, na mhakiki atakayezisoma kanuni peke yake atafanya kosa la mtazamaji wa kilima cha pili.

Inabaki tofauti moja ambayo ulinganishi huu hauwezi kuiondoa. Kundi likimaliza ramani, majina na muda huandikwa katika orodha, na mstari wa marafiki wawili una sura ile ile na mstari wa mtu na dami wake. Miaka ikipita hautasema zaidi ya hapo. Tuta, kwa upande wake, hupigwa na mvua. Mtaro usiozolewa hujaa, ukingo hupasuka, na maji hushuka na shamba. Baada ya misimu michache ya masika, mwenye kupita Kalama huweza kuona ni matuta yapi ambayo watu walirudi kuyatengeneza pasipo mtu wa kuwaamuru.