Besi Ilivyoingia Acocks Green

Zamani basi namba 11 la Birmingham lilizunguka jiji zima, kilomita 42 hivi. Ukilipanda Acocks Green, kusini mashariki, ungefika hadi Handsworth, walikohamia Wajamaika wengi baada ya vita. Miaka ya 1960 Acocks Green ilikuwa bado mtaa wa Waingereza weupe, wengi wao watu wa viwandani. Rover walikuwa na kiwanda hapohapo. Vijana wa mitaa ya namna hii ndio waliousukuma wimbo wa rege "Israelites" wa Desmond Dekker hadi namba 1 Uingereza, Aprili 1969. Wajamaika peke yao wasingeweza kununua santuri nyingi kiasi hicho.

Ladha hiyo waliipata wapi? Si redioni hasa. BBC iliipiga rege kwa kusuasua, na hata ilipoipiga, kijiredio cha transista hakikuweza kubeba besi. Rege imejengwa kuanzia chini. Besi ndiyo inayoimba, gitaa linakata katikati ya pigo na pigo, ngoma inaacha nafasi. Ukiiondoa besi, kinachobaki ni mkwaruzo. Wajamaika walilijua hilo tangu Kingston, ndiyo maana walipofika Uingereza walijiundia spika zao: makabati makubwa ya mbao na amplifaya za valvu, yakafungwa kwenye vyumba vya chini na kumbi za kukodi. Aliyewahi kulala jirani na sherehe ya kigodoro Dar es Salaam anajua wimbo unavyotua kifuani kabla ya sikioni. Kijana mweupe aliyealikwa na rafiki wa shule au wa kazini aliusikia huko muziki ukiwa kamili.

Kampuni ya santuri ya Trojan, iliyoanza 1968, ilitafuta soko kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuongeza fidla studioni London, kama katika "Young, Gifted and Black" ya Bob na Marcia, iliyofika namba 5 mwaka 1970. Ya pili ilikuwa mkusanyiko wa bei nafuu, "Tighten Up", ulioendana na mfuko wa kijana. Kwangu mimi, hii ya pili ndiyo iliyojenga wasikilizaji. Fidla zililainisha sikio la watangazaji, lakini vijana hawakuzihitaji. "Liquidator" ya Harry J All Stars haina mwimbaji wala fidla, ni kinanda cha Winston Wright kinachoongoza juu ya besi, na ilifika namba 9 mwaka 1969. Baadaye ikawa wimbo wa mashabiki wa West Bromwich Albion na Wolverhampton Wanderers, timu za jirani kabisa na Birmingham.

Waliokulia katika sauti hiyo wakaanza kuipiga wenyewe. UB40, bendi ya weupe na weusi iliyoundwa Birmingham 1978, ilirekodi "Signing Off" katika makazi madogo ya mtayarishaji Bob Lamb. Baadhi ya ala za kugonga zilipigwa bustanini, na ukisikiliza vizuri unawasikia ndege. Besi ya Earl Falconer imeachwa mbele, haikufunikwa na kitu. Mwaka 1980 albamu hiyo ilifika namba 2 Uingereza.