Sifa ya Mwenye Kuijua Asili ya Tarakimu

Katika amali za ofisini ambazo watu huzifaidi kila siku pasipo kuzihesabu miongoni mwa mambo ya kusifiwa, mimi naitanguliza ile ya mhasibu ambaye, afunguapo faili la bajeti lililounganishwa na mafaili mengine, na Excel ikamwuliza kama viungo visasishwe au viachwe, habonyezi popote mradi ule ujumbe umwondokee machoni, bali hutua kwanza akajiuliza tarakimu hizi zimetoka kwa nani, zimetoka lini, na kama huyo aliyezitoa angali ni wa kusadikiwa.

Wengi huliona swali hilo kuwa ni udhia, kwa kuwa hawajapata kuambiwa linauliza nini. Kiungo ni fomula iliyomo ndani ya seli, nayo hutaja jina la faili la pili katika mabano ya mraba, kisha jina la shiti, kisha seli inayotakiwa. Na faili hilo la asili linapokuwa limefungwa, fomula hubeba njia nzima ya kulifikia, tangu diski hadi folda ya mwisho. Lakini faili linalopokea halitegemei asili yake kwa kila pumzi: huweka ndani yake thamani iliyopatikana mara ya mwisho, hata ikawa asili ikifutwa leo, tarakimu zitabaki mahali pake kamili na zenye haiba ya ukweli, ilhali huenda ni za robo ya mwaka iliyokwisha kupita. Wanazuoni wa Hadithi hawakulipokea neno kwa sababu ya uzuri wake tu, bali walitaka isnadi, wajue nani alilisikia kwa nani. Na mhasibu mbele ya ujumbe ule yumo katika shughuli ya namna hiyo hiyo, kwani anaulizwa kama ataishika riwaya aliyokuwa nayo au ataipokea mpya.

Jawabu basi haliwezi kuwa moja kwa siku zote. Faili la bajeti iliyokwisha kuidhinishwa halisasishwi, maana mkaguzi atataka kuona kile alichokiona mkurugenzi siku alipotia sahihi. Taarifa ya mwezi inayokusanya hesabu za matawi husasishwa, tena baada ya kuhakikisha kwamba matawi yamekwisha kufunga hesabu zao. Na faili lililoletwa na mtu asiyejulikana huachwa lilivyo, kwa kuwa kiungo chaweza kuelekea mahali pasipo salama. Fauka ya hayo, mjuzi hukumbuka kwamba fomula kama SUMIF hutoa kosa inapokokotolewa upya hali faili la asili limefungwa, kwa hiyo hulifungua la asili kwanza, kisha ndipo akasasisha.

Ustadi wenyewe hudhihiri pale Excel inaposema kwamba baadhi ya viungo haviwezi kusasishwa. Aghalabu sababu ni ndogo: mtu amebadili jina la folda, au faili lilikuwa katika kompyuta ya karani aliyehamishwa. Asiye na subira hukata kiungo, na kukata huko hugeuza fomula kuwa thamani tupu, tendo lisilokuwa na kutangua. Mwenye hadhari hutoa nakala kwanza, akalitafuta faili lilikohamia, akabadili chanzo, na nasaba ya tarakimu ikaendelea. Tena kuna viungo vilivyojificha. Faili laweza kuuliza kila asubuhi ingawa hakuna seli hata moja yenye kutaja faili jingine, kwa kuwa kiungo kimekaa katika jina lililowekewa eneo la seli, au katika mfululizo wa chati, au katika kanuni ya kuhakiki data, au katika ile ya kutia seli rangi kwa masharti. Kumwona mtu akiyapitia majina hayo moja baada ya moja, hata akalikuta lile lililorithiwa na shiti iliyonakiliwa zamani kutoka kwa faili la idara nyingine, ni kuona kazi iliyofanywa kwa taadhima.

Wapo wanaopenda kulinyamazisha swali, na njia za kulinyamazisha hazilingani. Ukiondoa alama katika mapendeleo ya programu yako, ujumbe hautokei tena, lakini viungo husasishwa kimyakimya, na wenzako hawahusiki na uamuzi huo. Ukiamua ndani ya faili lenyewe kwamba onyo lisitokee na viungo visisasishwe, kila alifunguaye atasoma tarakimu za kale bila ya kujua. Mimi sioni ubaya wa ukimya uliokusudiwa, maadamu katika shiti ya kwanza pameandikwa vyanzo vyote, mwenye dhamana ya kila kimoja, na tarehe ya kusasishwa.

Tangu Dan Bricklin na Bob Frankston walipoitoa VisiCalc mwaka 1979, fadhila ya jedwali la kompyuta imekuwa ni hii, kwamba nambari moja ikibadilika, zote ziitegemeazo hubadilika. Na kiungo kimeivusha fadhila hiyo mipaka ya faili moja. Anayedhani kuwa ni salama zaidi kunakili kwa mkono na aisome taarifa ambayo benki ya JPMorgan yenyewe iliitoa Januari 2013, kuhusu hasara ya zaidi ya dola bilioni 6 iliyoipata mwaka uliotangulia kwa biashara ya ofisi yake ya London: mojawapo ya kasoro zilizotajwa ni kwamba mfumo wa kupimia hatari uliendeshwa kwa majedwali ya Excel, data ikinakiliwa kwa mkono kutoka jedwali hadi jedwali. Sisemi kwamba hilo peke yake ndilo lililoleta msiba. Nasema kwamba nambari iliyonakiliwa haiwezi kumwuliza mtu swali lolote.

Basi enyi wakuu wa idara, mwaka wa fedha wa serikali zetu za Tanzania, Kenya na Uganda hufungwa tarehe 30 Juni, na siku hizo kila mtu hutaka jumla upesi. Mpeni mhasibu wenu muda wa kupitia viungo vyake kabla hamjaitia sahihi jumla hiyo.