Umbopa Amenikesha Upanga

Nimekimaliza saa kumi na moja alfajiri na vidole bado vinatetemeka. Mashimo ya Mfalme Sulemani! Miaka yote nawasikia wazee wakikitaja kama wanavyotaja timu zao za zamani, na mimi sijawahi kukishika. Jumamosi nikakikuta Kariakoo, kwenye turubai la muuza vitabu vya mitumba, kimebanwa na vitabu vya hesabu vya shule ya msingi, jalada limeng'oka. Sikupatana hata bei. Nikatembea nacho hadi Upanga nikisoma njiani, nusura nigongwe na bajaji pale Faya.

Hadithi ni ya H. Rider Haggard, Mwingereza aliyefika Natal, Afrika Kusini, mwaka 1875, akaitoa mwaka 1885. Kiswahili ni cha Frederick Johnson, 1929, huyo huyo aliyekuja kuwa katibu wa Kamati ya Lugha iliyosanifisha Kiswahili, ikiwa na ofisi hapa hapa Dar es Salaam. Na jamani, hilo neno mashimo! Angeweza kusema migodi. Muulize mchimbaji wa Mererani anakoshuka kila siku: atakwambia shimoni.

Wazungu watatu wanamtafuta ndugu wa mmoja wao aliyepotea akifuata almasi za Sulemani. Hao mimi sikuwajali sana. Niliyemjali ni Umbopa. Anakuja kuomba utumishi, mrefu, mtulivu, anasema alikuwa katika jeshi la Cetshwayo, mfalme wa Wazulu. Quatermain, mwindaji anayesimulia, anakumbuka kuwa waliwahi kuonana Isandlwana, mahali ambapo Januari 1879 Wazulu waliwavunja Waingereza. Kuanzia hapo kila Umbopa alipofungua kinywa nilisoma kwa sauti. Mtumishi gani anaongea hivi? Halafu anavua nguo, na kiunoni amezungukwa na mchoro wa nyoka! Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Maana ya nyoka huyo sisemi.

Gagula nilimjua kabla ya kufungua kitabu, maana mtaani kwetu jina lake ni tusi. Sasa nimemwona mwenyewe, kibibi kilichokunjamana, kinanusa watu wa kuuawa. Nililala na taa.

Na vita! Wakukuana, wenyeji wa nchi wanayofika Wazungu hao, ni taifa la kubuni, lakini kila kitu chao ni cha Kizulu: vikosi, mikuki, manduna wanaoviongoza vikosi, jeshi linaloshika adui katikati huku mbavu mbili zikimzunguka, kama pembe za ng'ombe, mpango ule ule wa Shaka, mfalme wa Wazulu. Kuna kikosi cha wapiganaji wazoefu kinachopelekwa mahali pembamba kikazuie, na kila mtu ndani yake anajua harudi. Wanakwenda. Hawalii, hawaulizi. Nimeyasoma mapigano hayo mara tatu usiku mmoja.

Damu yangu ilichemka zaidi kwa sababu bibi yangu ni Mngoni wa Songea. Zwangendaba alikuwa jemadari upande wa Wandwandwe walioshindwa na Shaka. Akaondoka na watu wake, ndio Wangoni, kwenda kaskazini, na Novemba 1835 wakavuka Zambezi siku jua lilipopatwa. Kupatwa kwa jua! Haggard naye ana kupatwa katika hadithi yake: chapa ya kwanza ni jua, baadaye akabadili kuwa mwezi. Wangoni walifika na mbinu hizo mpaka Ruvuma, na cheo cha nduna kikaja nao. Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, alikuwa nduna. Kwa hiyo mtu wa kwetu akisoma vita hivi, hasomi mambo ya nchi ya mbali.

Linaloniuma nalo nalisema. Foulata, msichana aliyechorwa vizuri kuliko wote, anakufa akijaribu kuwaokoa Wazungu, na kifo chake kinamwondolea mwandishi kazi ya kumwoza Mzungu kwa mwanamke mweusi. Haggard alikuwa mtu wa dola ya Kiingereza, na inaonekana. Hata hivyo mtu mkubwa kuliko wote humu ni Umbopa, na Haggard mwenyewe ndiye aliyemsimamisha hivyo.

Ukikiona kitabu hiki kwenye turubai lolote, kichukue siku hiyo hiyo, na kisome kwa Kiswahili. Wachapishaji wetu, kirudisheni madukani. Nakala yangu haipo tena ndani: yule jirani aliyegonga ukuta amekuja asubuhi kuuliza nilikuwa nasoma nini, na ameondoka nayo.