Kuzima Mvumo wa Diski Kuu Ndani ya Kasha la Kompyuta

Diski kuu ya kompyuta ya mezani ni mota inayozunguka muda wote mashine inapofanya kazi. Ndani yake sahani za alumini au za kioo huzungushwa kwa kasi isiyobadilika: mizunguko 5,400 kwa dakika katika diski za mwendo wa chini na 7,200 katika nyingi za matumizi ya mezani. Hakuna sahani inayosawazishwa hadi uzito wake ukalingana kabisa pande zote za mhimili, kwa hiyo kila mzunguko huisukuma diski nzima upande mmoja na kuirudisha. Mizunguko 7,200 kwa dakika ni 120 kwa sekunde, yaani mtetemo wa hezi 120. Ile 5,400 hutoa hezi 90. Huo ndio mvumo mzito unaosikika nyumba ikishatulia, ambao ni vigumu kujua kama unatoka kwenye kompyuta, kwenye meza au ukutani.

Ajabu ni kwamba diski yenyewe karibu haina uwezo wa kutoa sauti hiyo. Wimbi la hezi 120 hewani lina urefu wa karibu mita 2.9, ilhali diski ya inchi 3.5 ina urefu wa milimita 147 na upana wa milimita 102 tu. Kitu kidogo hivyo kikitetema, hewa hukizunguka badala ya kusukumwa. Ni kama uzi wa zeze: bila kibuyu hausikiki hatua chache mbele. Katika kompyuta, kibuyu ni kasha. Skrubu nne zilizokazwa hupeleka mtetemo kwenye fremu, fremu huupeleka kwenye bati za ubavuni, na bati pana lenye unene usiofika milimita moja husukuma hewa kwa wepesi mkubwa. Marudio ya diski yakikaribiana na yale ambayo bati lenyewe hupenda kutetemea, mvumo hukua maradufu. Makasha ya alumini nyembamba huathirika zaidi kwa sababu ni mepesi.

Uchunguzi wa kuthibitisha hilo ni rahisi. Kompyuta ikiwa imezimwa, diski hufunguliwa skrubu, hutolewa kwenye fremu na kulazwa juu ya sponji nene, nyaya zikiwa zimeunganishwa. Kisha mashine huwashwa. Mvumo ukitoweka, tatizo ni njia ya mtetemo. Ukibaki, sababu ni feni, au beringi ya diski iliyochakaa, na hakuna mpira utakaoiponya. Dalili nyingine inayojieleza yenyewe ni mvumo unaopanda na kushuka kama pumzi katika kompyuta yenye diski mbili. Kasi za diski mbili za mizunguko 7,200 hazilingani sawasawa; moja ikiwa hezi 120.0 na nyingine 119.8, mitetemo yao huungana na kupingana kila baada ya sekunde tano. Mvumo wa namna hii huchosha masikio kuliko ule usiobadilika.

Tatizo hili lilijitokeza wazi pale kelele nyingine ilipopungua. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 mhimili wa diski ulishikwa na beringi za gololi, ambazo hutoa mlio mwembamba wa juu unaopita hewani moja kwa moja. Mwaka 2001 Seagate ilitoa Barracuda ATA IV yenye beringi za kimiminika, ambamo utando mwembamba wa mafuta hushika nafasi ya gololi, na watengenezaji wengine wakafuata njia hiyo. Mlio wa juu ukatulia; mvumo wa chini, ambao haukutegemea aina ya beringi, ukabaki peke yake. Hapo ndipo watengenezaji wa makasha walipoanza kushughulikia namna diski inavyoshikiliwa. Antec P180 ya mwaka 2005 iliweka diski kwenye trei zenye pete za silikoni, na P150 ya kampuni hiyohiyo ilikuja na mikanda ya lastiki ya kuninginizia diski ndani ya fremu.

Tofauti kati ya pete na lastiki ni kubwa kuliko inavyoonekana, na wengi hukosea hapa. Kitu chochote kilichokaa juu ya mpira kina marudio yake ya asili: kikisukumwa mara moja na kuachwa, hucheza kwa kasi hiyo. Mpira huzuia mtetemo pale tu mtetemo unapozidi marudio hayo ya asili kwa zaidi ya mara 1.4. Chini ya hapo, mpira huukuza. Marudio ya asili hukadiriwa kwa kugawa 15.8 kwa kipeuo cha pili cha kiasi ambacho mpira hubonyea kwa uzito wa diski, kikipimwa kwa milimita.

Pete ngumu inayobonyea sehemu ya ishirini ya milimita huipa diski marudio ya asili ya karibu hezi 70. Kwa diski ya hezi 120, karibu nusu ya mtetemo bado hufika kwenye fremu, na sikio halitaona nafuu kubwa. Kwa diski ya hezi 90, mtetemo unaofika huwa mkubwa mara 1.6 kuliko kama diski ingefungwa kwa skrubu tupu. Mtu ameongeza mpira na kelele imeongezeka; si bahati mbaya, ni hesabu. Mpira ukibonyea milimita moja, marudio ya asili hushuka hadi karibu hezi 16, na kinachopita katika hezi 120 ni chini ya sehemu mbili kwa mia. Kwa milimita kumi, kinachopita hakifiki sehemu moja kwa mia tano. Mpira halisi hupungukiwa kidogo na hesabu hii kwa sababu ya msuguano wake wa ndani, lakini mwelekeo haubadiliki. Milimita moja au mbili za ulaini wa kweli zinatosha. Pete nyingi zinazouzwa hazifiki hapo, hasa skrubu zake zikikazwa hadi mpira ukaminywa.

Kuna jambo moja ambalo hesabu hiyo hulificha. Msukumo wa sahani uko katika ubapa wa sahani zenyewe, kwa hiyo diski iliyolala hutikisika kwenda pembeni, si juu na chini. Lastiki iliyovutwa sana kati ya kuta mbili inaweza kuwa laini kwenda chini na ngumu kwenda pembeni. Kipimo kizuri ni kidole: mashine ikiwa imezimwa, diski husukumwa pembeni kidogo na kuachwa. Ikiyumba polepole kiasi cha jicho kuona, inafaa. Ikirudi papo hapo, lastiki ilegezwe.

Nafasi nzuri ya kuninginizia ni ile ya kisomeo cha DVD, yenye upana wa ndani wa takriban milimita 146, hivyo hubakiza zaidi ya milimita 20 kila upande wa diski. Lastiki ya fundi cherehani, yenye upana wa sentimita moja hivi, hufungwa vitanzi viwili vinavyobeba diski mbele na nyuma. Vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli hupatikana kila mahali, lakini ni vigumu zaidi na joto huvipasua mapema. Kuilaza diski juu ya sponji iliyowekwa chini ndani ya kasha nako hufanya kazi mradi sponji isibonyee hadi mwisho, wala isizibe tundu dogo la kupumulia lililo kwenye diski nyingi.

Waya ndio huharibu kazi iliyofanywa vizuri. Kebo ya data na ile ya umeme zikikazwa huwa daraja jipya la mtetemo, kwa hiyo kila moja huachiwa kitanzi kilicholegea. Joto nalo huhitaji kuangaliwa. Skrubu zilikuwa zikipeleka joto kwenye fremu. Diski inayoning'inia hutegemea hewa pekee. Katika chumba kisicho na kiyoyozi mjini Mombasa au Dar es Salaam, feni ya mbele izungukayo polepole ni lazima, na joto la diski lisomwe kwa programu. Diski nyingi zina kikomo cha nyuzi 60, na ni busara kubaki mbali chini yake.

Kubandika sponji nyembamba kwenye kuta za kasha, jambo linalopendwa sana, hakugusi mvumo huu: sponji hufyonza vyema sauti ambayo robo ya urefu wa wimbi lake inalingana na unene wake, na robo ya wimbi la hezi 120 ni sentimita 70. Shuka za lami zinazobandikwa kwenye milango ya magari husaidia kiasi kwa kuliongezea bati uzito na kufisha mtetemo wake, lakini hizo ni hatua ya mwisho.

Njia ya kuninginiza haifai kwenye seva zenye diski nyingi. Vichwa vya kusomea hufuata njia nyembamba mno, na mtetemo wa jirani huvikosesha shabaha. Mwisho wa mwaka 2008 Brendan Gregg, mhandisi wa Sun Microsystems, alionyesha kwa video jinsi kuzipigia kelele diski za seva kulivyoongeza ucheleweshaji wake. Huko diski hufungwa imara kwenye fremu nzito. Kwa kompyuta ya mezani yenye diski moja au mbili, lastiki haina madhara hayo, ila diski ifungwe kwa skrubu, au ishindiliwe kwa sponji pande zote, kabla ya kasha kusafirishwa.

Inabaki sauti ya mkwaruzo mfupi wakati vichwa vinaporuka kutoka njia moja hadi nyingine. Kuninginiza huipunguza, hakuimalizi, kwa kuwa sehemu yake hupita hewani. Diski za zamani zenye mpangilio wa AAM huruhusu mruko wa polepole. Katika Linux amri ya hdparm huuweka kati ya 128, tulivu kabisa, na 254, wa kasi kabisa. Kwa diski zisizo na mpangilio huo, nafuu hupatikana kwa kuhamishia mfumo endeshi kwenye SSD na kuiacha diski kuu ihifadhi mafaili yasiyofunguliwa kila mara.