Wasiwasi si Wazimu: Leonardo DiCaprio katika "The Aviator"

Sinema ya "The Aviator", iliyoongozwa na Martin Scorsese na kutolewa mwaka 2004, yasimulia sehemu ya maisha ya Howard Hughes (1905–1976), tajiri wa Marekani aliyetengeneza sinema na ndege. Makala haya yataangalia jambo moja tu: jinsi Leonardo DiCaprio alivyoyaigiza maradhi ya mtu huyo, aliyeshikwa na hofu ya uchafu hata akawa mtumwa wa matendo ya kurudiarudia.

Mwigizaji asiye hodari angemfanya Hughes kichekesho, au angekodoa macho na kupiga makelele ili tuseme ana wazimu. DiCaprio hakuifuata njia hiyo. Tazama anavyonawa kwa sabuni aliyoichukua mfukoni, akisugua mpaka mkono watoka damu. Kisha asimama mlangoni, asithubutu kushika kitasa, akingoja mtu mwingine aingie ili naye apate kupenya. Tazama pia anapoagiza aonyeshwe michoro ya ndege: sentensi ile ile yamtoka tena na tena, sauti ya amri yageuka sauti ya hofu, hatimaye auziba mdomo kwa mkono wake. Macho yatuambia kwamba ajua maneno yake hayana maana, wala hawezi kuyazuia. Hapo ndipo ulipo ukweli wa uigizaji huu, na ndipo ulipo uchungu wa maradhi yenyewe.

Dosari haikosekani. Sinema yaanza kwa mama amwogeshaye mtoto huku akimtia hofu ya magonjwa. Mtazamaji aweza kudhani kuwa malezi ndiyo chanzo pekee. Waganga hawatoi sababu nyepesi kiasi hicho, kwani hata urithi wa damu una sehemu yake. Hata hivyo, kosa hilo ni la hadithi, si la mwigizaji.

Kwetu sisi walimu, lipo funzo la lugha. Wanafunzi aghalabu huita kila ugonjwa wa akili "wazimu". Lakini Kiswahili kina neno "wasiwasi", lililotoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni mnong'ono unaousumbua moyo. Na Waarabu huutaja ugonjwa huu kwa neno hilo hilo. Pwani, mtu atiaye udhu mara nyingi kwa kushuku kwamba haukutimia huambiwa ana wasiwasi. Mtu kama huyo hajapotewa na akili. Akili yake yaona, na yateseka kwa kuona. Tukimwita mwendawazimu, twamwongezea aibu juu ya maradhi.